Ngitili: Ghala ya Majani ya Wasukuma

Wasomaji wetu wengi ni wafugaji, au ni watoto wa wafugaji, na hao hawana haja ya kuambiwa mwezi wa Oktoba ulivyo katika nchi ya ukame. Maziwa yamekauka, mbavu za ng'ombe zahesabika, na mwenye zizi husimama mlangoni alfajiri akitazama ni yupi aliyeshindwa kuinuka. Siku hizi kila mahali watu waulizana habari za chakula cha mifugo cha miaka ijayo: mbegu mpya za majani, chumvi za kulamba, vyakula vya viwandani, na mengine mengi. Hatuyadharau hayo. Lakini swali lenyewe si jipya. Katika pande moja ya Tanzania, yaani Usukuma ya Shinyanga, liliulizwa zamani, likajibiwa, jibu likapotezwa, kisha likaokotwa tena. Habari hiyo ndiyo tutakayo kuisimulia.

Kwanza yafaa tuielewe shida yenyewe, maana wengi huikosea. Mtu apitaye Shinyanga mwezi wa Machi huona majani mengi kupita haja ya ng'ombe wote. Apitaye Oktoba huona vumbi. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha ni jua tupu. Basi si kwamba mwaka hauna chakula. Ni kwamba chakula cha mwaka mzima huja kwa mkupuo mmoja. Tena ubaya si uchache tu. Majani machanga yana protini nyingi. Yakikomaa na kutoa mbegu, protini hiyo hushuka, yakabaki mabua. Ng'ombe naye hali kama tulavyo sisi. Katika tumbo lake la kwanza, lililo kubwa kuliko yote manne, hukaa vijidudu visivyohesabika, visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vivunjavyo majani. Ng'ombe huvilisha, navyo humlisha yeye. Protini ya majani ikipungua chini ya sehemu 7 hivi katika 100, vijidudu hupata njaa, kazi yao hulegea, na chakula hukaa tumboni bila kuvunjika upesi. Hapo ng'ombe huweza kusimama katikati ya mabua, tumbo limejaa, naye akakonda siku baada ya siku. Mchungaji asemaye kwamba mnyama wake anakula lakini chakula hakimwingii, asema kweli tupu, hata kama hakusoma kitabu.

Wazungu katika nchi zao hukata majani yangali na nguvu, huyaanika juani, na kuyaweka ghalani kwa ajili ya miezi ya baridi. Kwetu njia hiyo ina taabu yake, kwa kuwa majani hufikia ubora wake wakati mvua ingali inanyesha, na majani yaliyokatwa yakinyeshewa huoza. Wasukuma walipata njia nyingine. Hawakuyakata majani, waliyaacha yasimame pale pale yalipoota, wakaizuia midomo ya ng'ombe isiyafikie mpaka siku yake. Eneo lililozuiwa hivyo ndilo liitwalo ngitili.

Kanuni yake ni nyepesi kuisema, lakini si nyepesi kuishika. Mvua zinapoanza, eneo hufungwa, wala hapana mnyama aingiaye. Ng'ombe hulishwa penginepo, mahali pa wote, wakati majani ni mengi. Kiangazi kikipamba moto, mwezi wa Julai au Agosti, penginepo pakiwa pamekwisha, ngitili hufunguliwa. Haifunguliwi yote kwa siku moja. Hugawanywa vipande, na kipande cha pili hakiguswi mpaka cha kwanza kimeliwa. Tena hawaingii wote. Hutangulia walio dhaifu na walio na kazi: ndama, ng'ombe wanaokamwa, wazee, wagonjwa, na maksai ambao mvua zikirudi watatakiwa kuvuta plau. Jambo hili la maksai ni kubwa kuliko lionekanavyo. Maksai akifika Novemba hana nguvu, shamba hulimwa kwa kuchelewa, na kuchelewa wiki mbili katika nchi ya mvua chache ni njaa ya watu, si ya ng'ombe. Kwa hiyo majani yaliyosimama katika ngitili ni mtama wa mwaka ujao, ingawa hayafanani nao.

Msomaji mwerevu atauliza: je, majani ya ngitili nayo hayageuki kuwa mabua kama mengine? Hugeuka, kwa sehemu. Lakini ngitili si majani peke yake. Mahali palipofungwa miaka mingi, miti hupanda juu ya majani, hasa migunga ya namna namna. Na migunga ni jamaa ya kunde na maharage, maganda yake na majani yake yana protini wakati nyasi zimekwisha kuipoteza. Ganda la mgunga huanguka katika kiangazi, wakati ule ule linapohitajiwa. Ng'ombe alaye mabua pamoja na maganda hayo huvipa chakula vile vijidudu vya tumboni, navyo vikapata nguvu ya kuyavunja mabua. Wazee hawakuyaeleza mambo kwa maneno haya, wala hapakuwa na haja.

Sasa tuingie katika historia, nayo yaanza kwa msiba. Katika mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika upande wa Eritrea, ukashuka kusini ukiua ng'ombe, nyati, na wanyama wengine wa porini. Mnamo 1891 ulikuwa umekwisha kupita katika nchi zetu, na mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi. Makabila ya wafugaji yaliachwa maskini. Wamasai walipoteza karibu ng'ombe wao wote. Lakini madhara hayakwisha ng'ombe walipokufa. Nchi isiyoliwa na ng'ombe wala kulimwa na watu huota kichaka; wanyama wa mwitu waliosalia wakazaana humo; na katika kivuli cha kichaka mbung'o wakaenea, wakileta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Basi ng'ombe walipoanza kuongezeka tena, walikuta nchi yao ya zamani imetwaliwa na mdudu.

Serikali ya Waingereza iliamua kupigana na mbung'o hao, na Shinyanga ikafanywa makao ya kuwachunguza. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Watu waliitwa na watemi wao, wakatoka kwa maelfu na mashoka na mapanga, mwaka baada ya mwaka, wakafyeka misitu na kuichoma. Kazi ilifaulu, wala hatuwezi kuwacheka waliofanya hivyo: mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaingia mahali ambapo wasingaliweza kukaa siku mbili. Lakini mti uliokatwa kwa ajili ya mbung'o ulikuwa pia kivuli, kuni, na maganda ya kiangazi. Kisha likaja zao la pamba, likashika ardhi nzuri, na malisho yakapungua wakati ule ule ng'ombe walipokuwa wanaongezeka. Kadiri malisho ya wote yalivyobanwa, ndivyo mtu alivyozidi kuhitaji kipande chake cha akiba karibu na nyumba.

Maofisa wa siku zile waliyaona haya, wakatoa shauri moja: ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe. Shauri hilo lilisikiwa Usukuma, tena lilisikiwa nchi jirani, na huko Kenya ndiko lilikotoa mfano mbaya kuliko yote. Mwaka 1938 serikali ya Kenya ilianza kuwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao na kuwauza kwa bei ya chini, kiwanda cha nyama kikiwa kimefunguliwa Athi River. Mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto walitembea kwa miguu mpaka Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wiki kadha wakitaka kusikilizwa. Muindi alihamishwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali ililegeza, ikaacha kuwauza kwa nguvu. Na ajabu ni hii: Machakos ile ile, iliyosemwa kwamba imekwisha kufa kwa wingi wa ng'ombe, miaka hamsini baadaye ilikuwa na watu mara tano na zaidi, na ardhi yake ilikuwa imeshikwa kwa matuta, na katika kingo za matuta watu walipanda majani ya kukatia ng'ombe waliofungwa nyumbani.

Hatusemi kwamba hesabu ya ng'ombe si kitu. Nchi ina mwisho wake, na mfugaji ajidanganyaye kwamba haina atajua siku moja. Twasema tu kwamba maofisa wale walihesabu pembe bila kuhesabu majani, tena bila kuuliza majani ya Machi yamekwenda wapi ifikapo Oktoba. Swali la pili ndilo ambalo ngitili ililijibu.

Sasa twafikia mahali pagumu, kwa sababu kosa linalofuata hatuwezi kuwatwika wageni. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kukaa katika vijiji ni amri, na katika miaka ya 1974 na 1975 watu wa Shinyanga, kama wenzao wa mikoa mingine, walihamishwa kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa pamoja. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na vitu hivyo vingi vilipatikana. Sisi walimu hatuna budi kukiri kwamba watoto wengi walifika darasani kwa njia hiyo. Lakini ngitili haikuweza kubebwa kichwani. Mtu alihama, majani yake ya akiba yakabaki nyuma bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hulishwa na afikaye kwanza. Kwenye kijiji kipya hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika ardhi ipi ni yake, wala mwakani itakuwa ya nani. Ni nani basi atakayezuia ng'ombe wake wasile leo, ili jirani yake aje kulisha kesho? Ng'ombe wengi walikusanyika pamoja kuzunguka kijiji kimoja, na ardhi ya karibu ikakanyagwa mpaka ikawa uwanja.

Katika miaka michache nchi ilibadilika sura. Wanawake walikwenda mbali kutafuta kuni. Kuni zikikosekana walipika kwa mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba, vitu ambavyo vingalifaa kurudishwa shambani. Upepo ulichukua udongo. Wenye mifugo mingi walianza kuhama, wakashuka Rukwa, wakashuka Usangu, baadaye wakafika hata bonde la Kilombero. Na ndiyo maana Kisukuma chasemwa leo mahali ambapo babu zetu hawakukisikia. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Shinyanga, akauona ukame ule kwa macho yake, akasikitika. Watu wa mbali huujua mkoa huo kwa almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940. Lakini wakati ule juu ya almasi hapakuwa na majani.

Mwaka 1986 ikaanzishwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, ikisaidiwa na serikali ya Norwei. Mwanzoni walifanya kama idara zote zifanyavyo: walifungua vitalu, wakaotesha miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, wakawahimiza watu wapande. Miche mingi ilikufa kwa jua na mchwa, nao watu hawakuwa na hamu nayo. Hapo ndipo wakubwa wa kazi hiyo walipofanya jambo ambalo twalisifu kuliko vitalu vyote: waliketi na wazee wakawauliza zamani walikuwa wakifanya nini. Jibu lilikuwa neno moja, ngitili.

Kwa hesabu iliyofanywa, mwaka 1986 ngitili zilizobaki katika mkoa mzima zilikuwa hekta 600 tu, yaani eka kama 1,500. Miaka kumi na mitano hivi baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tena sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Wale waliofyeka misitu kwa ajili ya mbung'o walikata mashina, hawakung'oa mizizi. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi ikingoja, na kila ilipochipua ng'ombe au mbuzi alikula chipukizi. Ng'ombe walipozuiwa, mti ulisimama. Kwa mwaka 2002 kazi hii ilipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na ilistahili, ingawa kwa maoni yetu tuzo ya kwanza ilikuwa ya wale wazee walioulizwa.

Jambo lililowezesha haya halikuwa elimu ya majani bali mamlaka. Mkutano wa watu wa kijiji uitwao dagashida uliachiwa kuweka sheria na faini. Sungusungu, walinzi ambao Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wamewaanzisha kupambana na wezi wa ng'ombe, walilinda ngitili kama walivyolinda mazizi. Kijiji kilipata yake, shule zikapata zao, na mtu binafsi naye yake. Kila moja ikawa na mwenyewe. Kilichopotea mwaka 1974 ndicho kilichorudishwa.

Faida ilizidi matumaini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba ngitili zilimpatia kila mtu thamani ya kama dola 14 za Marekani kwa mwezi, kwa kuni, majani ya kuezekea, dawa, asali, matunda ya mwitu na malisho. Na kwa watu wa mashambani wa siku zile hicho hakikuwa kitu kidogo. Lakini tusiipambe. Mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na maskini asiye na ng'ombe wala ardhi aliangalia ua. Mahali pengine mwenye ngitili huwauzia wengine malisho, na mwaka wa ukame bei hupanda. Wanyama wa porini walirudi pamoja na miti, wengine wakala mazao, wengine wakala kuku. Hata HASHI yenyewe ilifikia mwisho mwaka 2004, na mwaka 2012 mkoa ule ukakatwa, sehemu zake zikaingia katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita.

Sasa twarudi kwenye swali tuliloanza nalo. Sotoka, iliyowamaliza ng'ombe wa babu zetu, haipo tena duniani; chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mwaka 2011 mataifa yakatangaza kwamba ugonjwa umekwisha kabisa. Tanzania yenyewe ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Waliokuwa wakipunguzwa na ugonjwa sasa wanaishi, na wakiishi wanataka kula. Zamani mfugaji aliyekosa malisho alihama. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu kwa ajili ya maji ya mto Ruaha, na mwaka 2012 wengine waliondolewa bonde la Kilombero. Waliokimbia vumbi la Shinyanga walitembea mamia ya maili wakitafuta majani, kisha wakaamriwa kuondoka huko pia, na katika safari hizo ng'ombe wengi walikufa. Mahali pa kuhamia pamekwisha.

Elimu mpya yaweza kuongeza kitu juu ya ile ya zamani. Shinyanga yalima pamba, na mbegu ya pamba ikikamuliwa mafuta huacha mashudu yenye protini nyingi; kiasi kidogo kila siku chatosha kumfanya ng'ombe ayatumie mabua ambayo vinginevyo yangemshinda. Lakini mashudu mengi huuzwa mbali, kwa wenye fedha. Mti wa lusina waweza kupandwa kati ya migunga, nao hustahimili kukatwa mara nyingi. Tena wataalamu wa hali ya hewa watwambia kwamba ng'ombe acheuapo hutoa hewa ya methani, ichangiayo kuipasha dunia joto. Na ng'ombe wa mabua, akaaye miaka mitano kabla ya kufikia ukubwa, hutoa hewa hiyo nyingi zaidi kwa kila kikombe cha maziwa kuliko ng'ombe aliyeshiba. Basi atakaye kupunguza hewa hiyo na atakaye maziwa ya watoto wake waomba kitu kimoja kwa mlango mmoja. Hayo yote, hata hivyo, yahitaji mahali ambapo majani yameachwa yakasimama. Huwezi kumpa mashudu ng'ombe asiye na mabua ya kuyavunja.

Shule kadha za pande zile zilipewa ngitili zao. Majani marefu hukatwa yakauzwa kwa waezekaji, na kuni kavu hupelekwa jikoni. Mvua za kwanza zinapoanguka, wanafunzi huambiwa kwamba tangu siku hiyo eneo limefungwa. Na mtoto ambaye ng'ombe wa baba yake ameonekana ndani, baba huitwa mbele ya mkutano kama mtu mwingine ye yote, akalipa faini.